Nilifuata Macho Yake

Katika banda la video la Kibiti nililokuwa nikienda, mahali pangu palikuwa ubavuni, karibu na ukuta wa makuti, bega kwenye kioo cha televisheni na uso kwa watu. Waliokwenda kuangalia filamu walikaa mbele. Mimi nilikwenda kuwaangalia wanaoangalia.

Filamu zenyewe zilikuwa za Kihindi na za Kichina, na lugha hizo hakuna aliyezijua mle ndani. Lakini watu walielewa. Palikuwa na mama aliyeuza mihogo ya kukaanga mlangoni, aliyeangalia filamu kwa jicho moja, la pili likiwa kwenye karai. Siku moja kamera ilianza kumsogelea mwanamume mmoja kwa nyuma, polepole, naye anakunywa chai yake. Mama akasema, "Huyo keshakufa."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Huoni anavyonyemelewa?"

Hakukuwa na mtu wa kumnyemelea. Chumba kilikuwa kitupu. Kilichomsogelea ni kamera tu. Na kweli, chai haikuisha, mtu akafa.

Mambo ya namna hiyo niliyaandika kwenye daftari. Kamera ikirudi nyuma ikamwacha mtu peke yake uwanjani, wanaume ndani ya banda walianza kukohoa na kupapasa mifuko kutafuta sigara. Ikienda sambamba na mtu anayekimbia, watoto walisimama bila kujua wamesimama. Hakuna aliyewaambia huyu ana huzuni, huyu ana hatari. Mwendo wa kamera uliwaambia. Jambo moja sikuliandika kwa sababu sikuliona: kamera inapogeuka kutoka kwa mtu huyu kwenda kwa mtu yule bila kukatwa. Nilidhani ni namna ya kuonyesha mahali palivyo.

Wakati huo nilikuwa karani wa ghala la korosho, nina cheti changu cha kidato cha nne, na nilikuwa nimenunua Kariakoo kamera iliyokwishatumika, ile kubwa ya kubeba begani, inayokula mkanda mzima wa deki. Nikawa mpiga video wa harusi. Nilikwenda Nyamwage kwa basi na Salale kwa boti, kamera nimeipakata kama mtoto anayeumwa.

Picha zangu za kwanza zilikuwa mbaya. Ukiziangalia unaweza kudhani harusi ilifanyika ndani ya boti yenye mawimbi. Aliyenifundisha kutembea na kamera ni mpwa wangu, mtoto wa pekee wa mdogo wangu wa kike. Alikuwa msichana wa shule ya msingi, anarudi kisimani na ndoo kichwani, akanikuta uani kwao najaribu kumfuata kuku.

"Mjomba," akasema, "unatembea kama unakanyaga miiba."

"Nitembeeje?"

"Legeza magoti. Kiuno kiende, kichwa kibaki."

Akanitwika ndoo. Nilizunguka ua ule nikimwaga maji mpaka shati likaganda mwilini, na yeye amekaa kizingitini anacheka mpaka anashika tumbo. "Bado, mjomba! Samaki wako wameshatoka wote!" Baada ya wiki tatu hivi nilikuwa naweza kuzunguka ua bila kumwaga tone. Kila nilichokijua baadaye kuhusu kutembea na kamera kilitoka kwa mtoto yule. Baba yake alifariki yeye akiwa hajaanza shule, na kwa hiyo kati yake na dunia tulikuwa mama yake na mimi.

Alipofika umri wa kuolewa alichumbiwa na kijana wa Maparoni, mvuvi wa kamba mwenye shamba lake la mpunga. Kijana mtulivu, wa kusema maneno machache kama anayalipia. Mpwa wangu alimpenda. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walilitilia shaka, na mimi ndiye niliyewapa sababu.

Kwetu, bibi harusi anapotoka kwao, baba humkabidhi kwa dua na mjomba humshika mkono kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Kwa mtoto asiye na baba, mkono wa mjomba unakuwa mzito mara mbili. Mdogo wangu alinikumbusha wiki moja kabla.

"Kaka, siku hiyo utamshika mtoto."

"Atamshika binamu yetu. Mimi napiga video."

"Video na mkono wa mtoto, kipi kikubwa?"

"Mkono unaisha siku ileile," nikamjibu. "Video itabaki."

Nilidhani nimesema jambo la maana sana.

Nilikuwa na kazi moja nyingine siku ile, kuleta dumu la petroli. Umeme wa Kibiti ulikuwa hauaminiki, na muziki ulitegemea jenereta. Aliyekubali kulisimamia jenereta ni mwalimu wa hesabu, kijana wa bara, Mkristo, aliyepanga chumba kwa mdogo wangu. Alisema hajui kucheza wala kukoroga pilau, basi apewe mashine. Petroli niliinunua mapema. Asubuhi ya harusi nilikaa nafuta lenzi kwa kitambaa cha pamba, nafuta na kufuta tena, nikaondoka na kamera, dumu likabaki nyuma ya mlango wangu.

Alasiri ikafika. Watu wa Maparoni walikuwa na haraka, maana boti ilikuwa inasubiri Nyamisati na maji yalikuwa yameanza kujaa. Bibi harusi akatoka. Nilikuwa hatua nne mbele yake, magoti yamelegea, kamera imetulia begani. Alipofika kizingitini ushungi ulisogea na nikaona machozi. Nikamsogelea. Akainua macho, akaangalia huku na huku, kisha akatazama upande wa kushoto, juu ya vichwa vya watu. Hapohapo spika zikaanza kuguna na wimbo ukawa mzito, kama mtu anayeimba anasinzia.

Nilijua ni petroli. Nikageuka kumtafuta mwalimu.

Niligeuka na kamera ikiwa inafanya kazi. Kuizima katikati ya bibi harusi kungekuwa aibu, na mwili wangu ulikuwa umeshazoea kugeuka taratibu, bila mshtuko. Kamera ikatoka kwenye machozi yake, ikapita juu ya vichwa, ikapita mpapai, ikapita ukuta wa choo, ikamfikia mwalimu amesimama peke yake kando ya jenereta. Nikainua mkono wangu wa kushoto kumuuliza, vipi? Mwalimu akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa kwa huzuni, akafungua viganja kunionyesha hakuna kitu. Muziki ukakatika. Nikabaki pale juu ya uso wake muda kidogo, si kwa lolote, ila nilikuwa nalikumbuka lile dumu. Niliporudisha kamera mlangoni, bibi harusi alishakuwa ndani ya gari na mlango unafungwa.

Sasa lione hilo kama mtu asiyejua habari ya petroli. Msichana analia. Anainua macho. Wewe unayafuata macho yake, taratibu, mpaka yanamfikia kijana mmoja aliyejitenga. Kijana anaweka mkono moyoni, anatikisa kichwa, anafungua mikono mitupu. Muziki unakufa. Ukirudi, msichana keshachukuliwa.

Ningeikata picha, watu wangejua kwamba kuna mtu amekata. Wangesema huyu yuko hapa, yule yuko pale, aliyewaunganisha ni fundi. Lakini kamera ikigeuka bila kukatwa, mtazamaji anaona kama shingo iliyogeuka ni yake mwenyewe. Na mtu habishani na shingo yake.

Mdogo wangu alinigombeza kwa muziki kukatika, nami nikamwambia jenereta ni bovu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Ulikuwa mdogo.

Fungate lilipokwisha, mama mkwe wa mpwa wangu alikuja Kibiti na wanawake wenzake wanne, na kapu la kamba wakavu, kusalimia na kuangalia mkanda. Ilikuwa ndiyo desturi ya miaka ile. Mkanda wa harusi ulitazamwa kwa pamoja, upande wa mume na upande wa mke kwenye mkeka mmoja, kila mtu akijitafuta. Maharusi walikuwa wamebaki Maparoni. Chumba cha mdogo wangu kilijaa, na mwenye banda la video alikuja na deki yake na akakaa nayo karibu.

"Jamani, miye hapo nimevaa kanga nje-ndani!"

"Hukuvaa nje-ndani, ndivyo ulivyo."

"Mkwe, mbona umemtoa huyu mara tatu, miye mara moja? Amekuhonga?"

Tukacheka. Wakapiga vigelegele pale walipojiona wanapiga vigelegele. Kisha akatokea bibi harusi kizingitini, kamera ikageuka, na nikasikia chumba kinanyamaza. Nilikuwa naujua ukimya ule kutoka bandani. Ni ukimya wa watu walioelewa.

"Yule nani?" mmoja akauliza.

"Mwalimu," akasema mdogo wangu. "Mpangaji wangu."

Mwenye banda akanigeukia. Huyu alikuwa ameona filamu nyingi kuliko mtu yeyote Kibiti, na hakuwahi kunisifu. "Kaka," akasema, "hapo umepiga kama wale wenyewe. Hukukata! Ulijuaje pa kwenda?"

Jibu lilikuwa fupi. Petroli iliisha, nililisahau dumu, nilikuwa namtafuta mwalimu. Lakini mdogo wangu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, na sifa ile ilikuwa mpya masikioni.

"Nilifuata macho yake," nikasema.

Mama mkwe akageuka. "Macho ya nani, mkwe?"

"Ya bibi harusi."

"Haya," akasema. Akakunja kanga yake vizuri magotini. "Hebu rudisha nyuma tuone."

Nikarudisha. Nilirudisha mwenyewe kwa mkono wangu, nikaonyesha tena, nikafurahi kwamba wanataka kuiona mara ya pili. Alipoondoka aliomba nakala ya mkanda, nikampa.

Kule Maparoni mkanda ulioneshwa kwa jirani mwenye televisheni. Sikuwepo, lakini sihitaji kusimuliwa. Haikupita miezi miwili mpwa wangu akashuka kwenye gari na begi lake. Hakupewa talaka. Aliambiwa nenda kasalimie kwenu, upumzike, na siku ya kurudi haikutajwa. Kwa anayejua desturi, maneno yale yalikuwa na kufuli.

Mwalimu alisikia kabla yangu. Siku ya tatu akaomba uhamisho, akapelekwa shule ya Nyamwage. Alimuaga mdogo wangu kwa heshima na akalipa chumba hadi mwisho wa mwezi, na majirani wakasema, mnaona? Anakimbia.

Nilikwenda kwa mdogo wangu asubuhi. Mpwa wangu alikuwa jikoni anapuliza moto. Sikumkuta analia. Nilianza kusema maneno ya kuzunguka, ya subira na ya mitihani ya ndoa, akaninyamazisha kwa mkono wenye majivu.

"Mjomba, unajua siku ile nilikuwa namtazama nani?"

"Si najua, mwanangu. Hukuwa unamtazama mtu."

"Nilikuwa namtazama mtu. Nilikuwa nakutafuta weye."

Sikuelewa.

"Niliambiwa nikifika mlangoni mjomba atanishika mkono. Nimefika, nimeona binamu. Nikakutafuta. Mbele yangu kuna limashine lina jicho moja, nikadhani umempa mtu mwingine akushikie, sikujua uko nyuma yake. Nikaangalia kushoto nikasema labda yuko kule kwa wazee." Akapuliza moto. "Halafu nasikia umewaambia watu ulifuata macho yangu."

Nimekaa na watu wengi walionikosea na niliowakosea, na nimesahau mengi. Hilo silisahau. Nilimwambia habari ya dumu palepale, na mama yake akasimama mlangoni akasikiliza yote. Mdogo wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Basi kawaambie na wao."

Nilikwenda Maparoni peke yangu, na kamera, na mkanda, na petroli ya kutosha. Mama mkwe alinipokea vizuri, maana mgeni ni mgeni. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Wazee watatu wa nyumba ile walinisikiliza hadi mwisho, na mama mkwe akasema kwa upole, "Maneno unayo, mkwe, na elimu unayo. Lakini sisi tumeona."

Tumeona. Ningeibishia vipi hiyo?

Alirudi kwenye kazi yake. Alikuwa anakata vitunguu vya mchuzi wa mchana, kilo nzima, na machozi yanamtiririka. Upande wa pili wa ua, jirani yao mzee, mgane wa miaka mingi, alikuwa amekaa kwenye kigoda anajikuna kifua ndani ya fulana. Nikawaangalia wote wawili. Nikaomba ruhusa nipige picha kidogo ya mapishi, nikaambiwa piga tu. Nikaanza na machozi yake, karibu kabisa, kisu na vitunguu viko chini ya picha havionekani. Akanyanyua uso kufuta jicho kwa bega. Hapo nikageuka, taratibu, magoti yamelegea, nikapita banda la kuku, nikapita nyavu zilizoanikwa, nikamfikia mzee. Mkono uko kifuani. Nikatulia. Mzee akapiga mwayo ambao, ukitazama vizuri, ulikuwa kama kuhema kwa mtu mwenye mengi moyoni.

Tukaenda kwa jirani mwenye televisheni, nyumba nzima na nusu ya mtaa. Nikawaonyesha.

Kwanza ukimya, uleule. Kisha sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Kumbe bibi!"

"Kumbe nini?" mama mkwe akaruka. "Kumbe nini weye? Vitunguu vile!"

"Vitunguu hatuvioni, bibi. Tunaona machozi."

"Astaghfirullah! Miye na huyu? Huyu hata meno hana!"

"Meno sina," mzee akasema kutoka mlangoni, "lakini moyo ninao."

Watu walicheka mpaka mwenye televisheni akaogopa wataiangusha. Mama mkwe alimrushia mzee kandambili, naye akaiokota akaikumbatia kifuani, na hapo ikawa hakuna wa kuwanyamazisha. Alicheka na yeye, machozi yakamtoka ya kweli. Halafu niliona kicheko kinamtoka taratibu na uso unabadilika. Akaketi.

"Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha. Akaangalia hadi mwisho.

"Na kama ningekuwa bibi harusi," akasema, "nani angewaelewesha watu habari ya vitunguu?"

Mumewe mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote, amefika kutoka shambani na matope magotini. Yeye hakucheka.

"Mjomba, nimekuelewa," akasema. "Kamera inaweza kusema uongo. Na wewe je? Uliulizwa, ukajibu."

"Nilisema uongo."

"Kwa sababu gani?"

"Nilisifiwa," nikamwambia. "Na sikutaka watu wajue nilisahau petroli."

Akakwangua tope gotini. "Kwa hiyo ndoa yangu imefungwa na shehe," akasema, "ikavunjwa na dumu."

Mama yake akasema haijavunjwa, na keshokutwa watakwenda Kibiti na mchele na maneno mazuri kumchukua mkwe wao. Nikarudi nikiwa mwepesi. Ndani ya boti niliipakata kamera na kujiona fundi. Nilikuwa nimeharibu kwa kamera na nimetengeneza kwa kamera. Niliwaza hivyo kweli, na naona haya kuliandika.

Mpwa wangu alinisikiliza hadi mwisho. Kwenye mwayo wa mzee akacheka kidogo, cheko lake lile la zamani. Kisha akasema, "Sirudi."

"Wamekubali, mwanangu! Wameona wenyewe!"

"Ndiyo. Wameona." Akainuka. "Wakinichukua kwa sababu ya mkanda, mjomba, kesho mkanda mwingine utanitoa. Yeye hajaniuliza. Tangu siku ile mpaka ananipakia kwenye boti, hakuniuliza hata mara moja. Aliangalia tu."

Waliokuja na mchele aliwakaribisha, akawapikia, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi ndani. Mchele ulibaki. Mdogo wangu alinitazama kwa macho ambayo sikupenda kuyafuata.

Ilikuwa miezi mibaya. Nilikwenda Nyamwage kumtafuta mwalimu, nikamkuta darasani, nikasubiri kengele. Nilikuwa nimetunga hotuba. Alinikatiza katikati.

"Mzee, kwenye mkanda nilionekanaje?"

"Kama mtu aliyevunjika moyo."

"Nilikuwa naogopa mashine isilipuke," akasema. "Sijawahi kushika jenereta maishani. Nilisema najua ili nisikoroge pilau." Alitabasamu, lakini mkono wangu aliushika kwa muda mfupi, na hakunikaribisha kwake. Sikuwahi kumwona tena. Alichopoteza Kibiti, vile alivyokuwa amezoeleka na kupendwa na wanafunzi, sikuwa na namna ya kumrudishia. Nilimwomba radhi baada ya miezi minne. Ilipaswa kuwa siku ya kwanza.

Kule Maparoni mpunga ulikuwa umeanza kuiva. Tulisikia kijana anashinda na kulala kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, anafukuza ndege peke yake, kazi ya watu wawili. Tulisikia mama yake anamwambia oa mwingine, na tukasikia kwamba hajibu. Mpwa wangu naye alikuwa amejitia kwenye mikeka. Alisuka ukili wa kushonea mikeka kutwa nzima, rangi tatu, bila kuinua kichwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia neno, na mimi kuliko wote.

Kijana alikuja siku ya kazi, mchana, mvua ya rasharasha, bila mama yake na bila mchele. Nilikuwa uani natengeneza mlango wa banda la kuku la mdogo wangu. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia, akapita. Mpwa wangu alikuwa barazani na ukili wake. Kijana akaketi kwenye ngazi ya chini, upande wa matone. Mimi nilikuwa mbali, nawaona wote wawili, sisikii neno. Miguu ilitaka kusogea. Nilishika nyundo nikabaki palepale, na nilivyoona kwa mbali nilielewa vibaya: mpwa wangu alikuwa hainui uso, na nikasema basi, imekwisha.

Yaliyosemwa nilisimuliwa na mdogo wangu, aliyekuwa dirishani na hakuona haya kusikiliza.

Kijana alisema, "Nimekuja."

"Nimekuona."

"Utarudi?"

"Sijui. Hujaniuliza."

"Si nimekuuliza sasa hivi?"

"Hilo si lenyewe. Niulize lile uliloogopa."

Kijana akauliza. Aliuliza waziwazi, kwa jina la mwalimu, siku ile ulikuwa unamlilia yeye?

"Hapana," mpwa wangu akasema.

"Basi," akasema mume wake.

Hakuuliza mara ya pili wala hakuomba aeleze alikuwa anamtazama nani. Mpwa wangu alieleza mwenyewe baadaye, alipotaka. Wakati ule alimwambia tu asogee asilowe, akamsogezea upande mmoja wa mkeka. Akaendelea kusuka. Ukili ulikuwa umebaki pima moja na nusu na hakutaka kuuacha katikati, na kijana alikaa akamsubiri, akimpa majani ya miyaa alipoishiwa, rangi alizotajiwa. Alikosea mara mbili, akapewa vitunguu vya kukata kwa adhabu. Gari la mwisho la Nyamisati, la kuwahi boti ya Maparoni, lilipita barabarani likipiga honi, wakalisikia wote wawili, na hakuna aliyesimama.